Vikombe Arobaini na Kimoja

Hata alipokuwa bibi mzima anayeota jua mlangoni pake mtaani Majimbo, pale Embu, Njura hakupenda kuulizwa juu ya muhula wake wa kwanza chuoni. Wajukuu walipomjia na barua zao za kuitwa vyuo vya uuguzi na udaktari, wanaruka kama ndama waliofunguliwa, yeye aliwauliza swali moja tu: "Mmeambiwa mtafanya kazi gani huko?" Wakijibu kwamba wataponya watu, alitoa kicheko cha puani. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa cha mtu aliyewahi kuambiwa hivyo hivyo, akaamini, na mwaka wa 1955 ukamfundisha mengine.

Mwaka huo ulikuwa wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa uhuru msituni. Watu wa Embu walikuwa wameng'olewa mashambani mwao na kusongamanishwa vijijini, nyumba imeegemea nyumba, handaki limezunguka pande zote. Surua ikiingia kijiji kama hicho haibishi hodi mlango kwa mlango. Wakati wa mvua za kwanza iliwachukua watoto wa nyumba ya kushoto, ikawachukua wa nyumba ya kulia, na katikati ikamchukua mdogo wake Njura, mtoto wa miaka mitatu, ambaye surua ilimwachia homa ya mapafu ndiyo ikammaliza. Mtu wa sindano alifika siku tatu baada ya kaburi kufukiwa. Njura alimtazama akichemsha vifaa vyake kwenye sufuria, akajiambia kwamba anataka kitu kimoja tu katika dunia hii iliyoharibika: mkono wake yeye ushike ile sindano, na ufike mapema.

Basi barua ilipotoka katika hospitali moja ya misheni upande wa Meru, milimani juu ya Nkubu, kwamba amekubaliwa kujifunza uuguzi, hakulala. Ilimchukua wiki tano kupata karatasi ya chifu ya kumruhusu kusafiri. Akapanda juu ya magunia ya unga katika lori la Burale, mfanyabiashara Msomali wa Meru mjini, na kwenye vizuizi vinne vya njiani akashushwa, akapekuliwa, akapandishwa tena. Alifika na unga mpaka kwenye nyusi, ana umri wa miaka kumi na minane, anadhani kesho yake atashika sindano.

Kesho yake alishika brashi ya sakafu. Wasichana walikuwa kumi na wawili, na muhula wa kwanza ulikuwa wa majaribio. Desemba watakaofaa wangevishwa kofia nyeupe, na wasiofaa wangerudishwa kwao. Kwa Njura, kwao kulimaanisha kuamka na filimbi na kwenda kuchimba kwa lazima handaki refu la ukingoni mwa msitu, la kuwatenga wapiganaji na vijiji, na karatasi ya kusafiri asingeipata mara ya pili. Kwa hiyo alisugua sakafu. Alifua bandeji zenye usaha, akazianika, akazikunja. Darasani alikariri kwa Kiingereza majina ya mifupa mia mbili na sita, na hakuna hata mmoja uliokuwa ukimuuma mtu. Usiku alilala na hasira. Maana alikuwa amekuja kuponya watu, jamani, na hapo ng'ambo ya ukuta watoto walikuwa wanakohoa!

Wiki ya tatu akapelekwa wodi ya watoto. Moyo ukamruka. Hakujua kwamba ndipo anapokwenda kuanguka.

Mkuu wa mafunzo alikuwa Sista Klotilda, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyopasuka kwa sabuni ya magadi. Tusimwonee, alifanya kazi kuliko punda na hakuna aliyemwona ameketi. Lakini kitu alichokiamini baada ya Mungu kilikuwa namba. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni mwa wodi, kalamu mkononi, akauliza, "Njura, wagonjwa wangapi?"

Njura akanyosha mgongo. "Yuko mtoto wa Mama Kaberia, homa imeshuka, amekunywa maji. Yuko mtoto wa Mama Bundi, amevimba miguu lakini leo amecheka. Yuko wa Kiende, macho bado mekundu..." Akaendelea hivyo, kitanda baada ya kitanda, mama na mwana, nani alitapika na nani alilala. Alikuwa amewajua wote kwa siku moja, na Kiembu chake kilichowachekesha kina mama wale wa Kimeru ndicho kilichomfungulia vinywa vyao.

"Sikuuliza majina," Sista akasema. "Nauliza wangapi."

Wenzake wakaanza kutazama sakafu.

Si kwamba Njura hakujua hesabu. Shuleni alikuwa akiwaacha wavulana nyuma mpaka mwalimu akaona haya kwa niaba yao. Ila kwao watu hawahesabiwi. Nyanya yake aliyemlea, akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu, "Ni hao unaowaona," na hata mbuzi wake hakuwahesabu. Jioni alisimama kwenye kizizi akiwatazama wakiingia, na aliyekosekana alimjua kwa rangi. Kinachohesabiwa hupungua, alisema, na aliyenyoshewa kidole kwa namba ameonyeshwa kwa mauti. Njura alipoingia shule ya misheni aliyacheka hayo kama alivyofundishwa kuyacheka. Kisha vikaja vijiji. Kila jioni homugadi, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, alipita na fimbo akiwagusa watu vichwani, mmoja, wawili, watatu, na asubuhi kukawa na waliopungua. Kaka yake Ndambiri aliguswa wa kumi na saba jioni moja, na usiku huo huo wakaja kumchukua. Tangu hapo Njura hakucheka tena.

"Dawa inatoka Nairobi kwa namba," Sista akamwambia ofisini, wala hakuwa na ukali. "Nikiandika wagonjwa ishirini na wawili, napata dawa ya ishirini na wawili. Nikiandika kwamba mtoto wa Mama nani amecheka, sipati kitu. Unaelewa? Kesho utahesabu, kwa sauti."

Alielewa, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Kesho yake alipita kati ya vitanda, kidole mbele, sauti juu: "Mmoja. Wawili. Watatu." Mama mmoja akamfunika mwanawe kwa kanga, mwingine akamgeuza wake ukutani. Kidole kilikomea kwa ishirini na wawili, kitoto cha Nelius, mwanamke mchanga kutoka upande wa Chuka. Saa tisa alasiri kitoto kile kikafa.

Kilikuwa kinakufa tangu Jumapili, yeyote mwenye macho aliliona hilo. Nenda basi ukawaambie hivyo akina mama! Jioni Njura alipopita na kipimajoto hakuna aliyempa kwapa la mtoto wake. "Niitie yule mwingine," walisema, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu kabisa. Yule mwingine alikuwa Marcella, msichana wa Nkubu aliyezaliwa misheni, mwenye roho nyepesi, ambaye alipoulizwa idadi alikisia tu na akibahatika alisifiwa.

"Wewe nawe unajitakia taabu," Marcella akamwambia. "Si uhesabu kitu kingine?"

Hilo lilimkaa Njura kichwani siku mbili. Siku ya tatu akagundua vikombe. Kila jioni Naftaly mpishi aligawa uji kwa kila aliyelala wodini, mama na mtoto. Hata anayenyonya alitengewa kikombe cha maziwa ya unga. Vikombe vyote vya bati vilitoka jikoni na kurudi jikoni. Ukivihesabu vinavyotoka, umewajua watu bila kumnyoshea mtu kidole, na kikombe hakina mama wa kukililia.

Ikafaa. Ilifaa wiki saba nzima, na hizo ndizo wiki pekee za muhula ule ambazo Njura alizikumbuka bila kuuma meno. Asubuhi alimpa Sista namba, na namba ilikuwa sawa. Kina mama walikisahau kidole chake, wakamrudishia watoto. Mwishoni mwa Oktoba Sista alimwachia sindano ya kwanza. Alimdunga mtoto wa Kiende pajani, polepole, huku akimwimbia upuuzi kwa Kiembu, na mtoto akasahau kulia. Njura alitoka nje akasimama nyuma ya jiko, akacheka peke yake.

Sasa kulikuwa na hesabu nyingine. Kwa sababu ya kafyu, kila jioni hospitali ililazimika kupeleka karatasi kwenye kituo cha askari bondeni, kusema watu wangapi wanalala kila wodi. Akizidi mmoja, basi mmemficha mtu wa msituni. Akipungua, basi ametoka kwenda kuwapelekea chakula. Kwa kuwa namba za Njura hazikukosea, Sista akampa na karatasi hiyo aijaze.

Siku moja katikati ya Novemba alikuwa darasani kutoka asubuhi hadi jioni, wanapewa mtihani wa mifupa. Alipotoka, tarishi wa kituo alikuwa keshafika anangoja, mvua inamlowesha, anatukana. Njura alikimbilia jikoni, akasimama mlangoni Naftaly akigawa, akahesabu vikombe arobaini na kimoja, sawasawa na jana. Akaandika arobaini na moja. Tarishi akashuka nayo.

Ndipo akaingia wodini, akakuta kitanda cha pembeni kitupu. Mtoto wa Ciakuthii, mwanamke wa Tharaka aliyetembea naye siku mbili mgongoni, alikuwa amekufa saa sita mchana na kuzikwa saa kumi. Mama mwenyewe bado yuko, ameketi sakafuni kando ya kitanda, maana hangeweza kutembea kurudi kwao mpaka kituo kimgongee muhuri karatasi ya kusafiri. Sista naye, kama kawaida yake, alikuwa amekwisha kupeleka taarifa ya kifo bondeni mchana.

Njura akapiga hesabu. Watu arobaini, vikombe arobaini na kimoja, na kwa kafyu tarishi hafuatiki tena. Akatazama tena pale sakafuni. Mbele ya magoti ya Ciakuthii kulikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa kimejaa, uji umeganda utando juu, na mama yule alikuwa anakipuliza taratibu, kama mtu anayepoza.

Kesho yake alfajiri koplo akaja na homugadi sita. Wakawatoa kina mama wote nje kwenye ukungu na watoto wao wagonjwa, wakapindua magodoro, wakachoma mikuki kwenye nyasi za paa la jiko.

"Juzi iko watu arobaini na moja," koplo akasema. "Moja nakufa. Jana jioni tena iko arobaini na moja. Nani nakuja hapa?"

"Nilikosea mimi, afande," Njura akasema haraka. "Ni kosa la kalamu tu."

Koplo akamgeukia Naftaly. "Wewe napea watu uji ngapi?"

Naftaly alikuwa mtu mwaminifu, na siku ile uaminifu wake ulikuwa balaa. "Arobaini na moja, afande," akasema.

"Kalamu nakosea, kikombe pia nakosea? Iko mtu nakula uji ya serikali halafu narudi msituni!" Akaapa kwamba kama mtu huyo haonekani, atampeleka bondeni mpishi, na aliyeandika karatasi, na mama yeyote atakayemtilia shaka. Kila mtu pale alijua kwamba kumlisha mtu wa msituni kulitosha kumtia mtu kitanzi.

Sista Klotilda akasogea mbele, uso mweupe pe. "Watahesabiwa sasa hivi, mbele yako, uone mwenyewe. Njura, hesabu."

"Sista, niwaite kwa majina. Nawajua wote, hatabaki hata mmoja."

"Jina hapana," koplo akasema. "Namba!"

Njura akawatazama wamesimama kwenye ukungu. Alitaka ardhi ipasuke. Kisha akainua kidole, maana angefanya nini? Akahesabu mama na mwana, kwa sauti, kwa Kiswahili ambacho hata mtoto alikielewa, na kila kidole kilipotua mama alifumba macho. Kiende akasema kwa sauti ndogo, "Si wangu, Njura, tafadhali," na Njura akasema, "Kumi na nane." Akafika kwa Ciakuthii, akasema, "Arobaini." Hakuna wa kuongeza.

"Sasa uji ya arobaini na moja nakunywa nani?"

Huo ndio mlango ambao Njura alitafuta maisha yake yote njia ya kuupita bila kuufungua, na hakuipata. Akaonyesha kwa kidole kile kile. "Huyu mama. Amechukua cha mtoto wake aliyekufa."

Koplo akamsogelea Ciakuthii. Kisha akacheka. "Mtoto nakufa, bado nakunywa uji?" Homugadi wawili wakacheka naye, kwa kuwa mkubwa amecheka. Koplo akaandika katika daftari lake, akakusanya watu wake, wakashuka bondeni. Hakuna aliyechukuliwa. Naftaly alipiga magoti matopeni akamshukuru Mungu.

Karatasi ya Ciakuthii ilipogongwa muhuri siku ya pili, alifunga kanga yake akaondoka. Alipompita Njura mlangoni alijibana ukutani ili nguo zao zisigusane.

Wiki ile surua ilichukua watoto watatu. Watoto walikuwa wamesimamishwa kwenye ukungu saa nzima na homa zao, sasa ulitaka surua ifanye nini? Lakini kina mama hawakuwa na koplo wa kumlaumu, koplo ana bunduki. Walikuwa na Njura. "Niitie yule mwingine," ikaanza tena, na safari hii hata Kiende alisema hivyo, yeye ambaye mwanawe alidungwa sindano huku akiimbiwa. Njura alibembeleza, akaeleza, siku moja akapandisha sauti, na alipopandisha sauti mambo yakazidi kuharibika. Alikuwa amewaokoa wote na kitanzi! Hakuna hata mmoja aliyesema ahsante.

Desemba ikafika. Sista aliagiza kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja juu ya yale aliyojifunza muhula huo, ili yeye Sista ausome kabla ya kuamua nani avishwe kofia. Marcella aliandika juu ya usafi na upendo wa Mungu, akamaliza kabla ya chai. Njura alikaa na karatasi mpaka wino ukakauka kwenye kalamu. Aliandika juu ya mdogo wake, akachana. Aliandika juu ya Ciakuthii, akachana. Mwisho, kwa hasira, akaandika mstari mmoja kwa herufi kubwa, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka: "Muhula huu nimejifunza kuhesabu watu." Akaipeleka hivyo hivyo. Na imuume, alisema moyoni. Asome, aone alichonifanya.

Sista alimwita ofisini keshoye. Kofia nyeupe ilikuwa mezani, imepigwa pasi, imekakamaa kwa wanga, na karatasi ile ilikuwa kando yake. Na Sista alikuwa anatabasamu, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona.

"Wengine wameniandikia kurasa nzima za maneno matamu," akasema. "Wewe umeandika ukweli kwa mstari mmoja. Nakumbuka ulivyokuja, hata kuhesabu wagonjwa huwezi. Na siku ile ya askari ulihesabu bila kutetemeka, ukatuokoa. Nimejivunia wewe, binti yangu."

Njura akalitazama lile tundu la kalamu kwenye karatasi yake.

"Najua pia kina mama wamekuwa wagumu kwako," Sista akaendelea, kwa upole wa kweli. "Kwa hiyo nimefikiri. Kuanzia Januari hutaenda wodini. Utakuwa hapa ofisini na karani. Utapita kila jioni wodi zote, wanaume, wanawake na watoto, utahesabu hospitali nzima, na karatasi ya kituo utaiandika wewe. Hakuna mwingine ninayemwamini."

Akaichukua kofia, akamvisha kwa mikono yake iliyopasuka, akairekebisha ikae sawa. Njura akasema, "Ndiyo, Sista," kwa kuwa ndivyo mtu alivyojibu, na kwa kuwa nyumbani kulikuwa na handaki.

Nje, Marcella alimrukia shingoni. Na yeye alikuwa na kofia yake, na alikwisha kusikia habari. "Ofisini! Una bahati wewe! Mimi naendelea kumwaga mabeseni ya matapishi mwaka mzima, na wewe umekaa kwenye kiti."

Njura akauondoa mkono wa mwenzake shingoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujisumbua kuyafuta. "Nipe mimi hayo mabeseni, Marcella," akasema. "Nipe yote. Kachukue wewe kiti."

Marcella akacheka, akidhani ni mzaha.